Uyoga wa oysta unakula minyoo kweli? Na kwa nini watafiti hawauachi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nalima uyoga wa oysta kwenye mifuko, na nyumbani tunaula karibu kila wiki na watoto. Juzi kijana wangu kaniambia amesoma kwamba uyoga huu unakula nyama, una sumu inayoua minyoo kwa dakika chache, na wanasayansi wanautumia maabara kutafuta dawa ya kansa na mpaka kuendesha roboti. Mume wangu ana kolesteroli, naye kashikilia kwamba akila uyoga wa kutosha anaacha vidonge. Haya ni kweli? Tuendelee kula? Na yale mabaki ya mifuko nikishavuna, yanaweza kuua minyoo ya mizizi bustanini kwangu?"

Marahaba mwanangu. Nianze na linalokukosesha raha alafu mengine tutayafata taratibu: endeleeni kula, watoto nao wale, mradi uyoga unapikwa ukaiva vizuri. Kijana wako hajakudanganya, minyoo inakufa kweli na inaliwa kweli, hiyo ya roboti nayo ipo ila ni ya ndugu yake uyoga huu sio huu wenyewe, na hiyo ya vidonge vya mzee nakuomba uisome kwa makini nikifika huko, maana ndo sehemu pekee ya swali lako iliyonitia wasiwasi.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, kwa sababu ukikishika hiki mengine yote yatakaa sawa. Wengi tunaujua uyoga huu, kitaalamu Pleurotus ostreatus, kwa kofia yake tu, ile ya kijivu au nyeupe inayochomoza kwa ubavu kwenye mfuko. Kumbe kofia ni tunda tu. Uyoga wenyewe ni zile nyuzi nyeupe zinazojaa mfuko mzima kabla hujauchana, na porini nyuzi hizo zinaishi ndani ya magogo ya miti iliyokufa. Sasa gogo ni chakula cha ajabu. Sukari imo tele, maana selulosi ni sukari zilizofungwa pamoja, lakini naitrojeni iliyomo kwenye mbao ni kidogo mno, haifiki hata asilimia 1 ya uzito mkavu, mara nyingi ni chini sana ya hapo. Na bila naitrojeni hakuna protini, hakuna vimeng'enya, yaani zile protini za kuvunjavunja chakula, hakuna kofia wala spora, ile vumbi uyoga unayozalia. Yaani kiumbe huyu ni kama mtu aliyefungiwa kwenye ghala la sukari, anashiba kila siku na bado anadhoofika. Njaa hiyo ya naitrojeni, pamoja na ugumu wa kuifungua ile sukari yenyewe, ndo vimeupa uyoga huu mbinu mbili ambazo watafiti wanazihangaikia mpaka leo: kuvunja lignini na kuwinda minyoo.

Lignini nitaisema kwanza maana ndo inayokupa mavuno. Ni ile gundi ngumu ya rangi ya kahawia inayofanya mti uwe mti, imezunguka selulosi pande zote na viumbe wachache sana duniani wanaweza kuivunja kikamilifu. Tatizo lake haina mpangilio mmoja, imeungwaungwa ovyo, kwa hiyo kimeng'enya cha kawaida kinachofanya kazi kama ufunguo kwenye kufuli lake hakina pa kushika. Uyoga wa oysta umelipita tatizo hilo kwa kutoa nje ya nyuzi zake vimeng'enya vinavyopokonya elektroni bila kuchagua sana, kimojawapo kinaitwa lakesi, kina atomu nne za shaba ndani yake na kinatumia oksijeni ya hewani kisha kinaacha maji tu, na vingine ni peroksidesi zinazotumia madini ya manganizi. Hapo kwenye manganizi mimi huwa napapenda sana. Kimeng'enya ni kikubwa, hakiwezi kupenya ndani ya ukuta wa mbao ulioshikana, kwa hiyo kinaichaji ile atomu ndogo ya manganizi, inatoka yenyewe, inapenya pale ambapo kimeng'enya hakifiki, inaishambulia lignini huko ndani. Mbao ikishaondolewa lignini inabaki nyeupe na laini, ndo maana kuvu wa aina hii wanaitwa wa uozo mweupe.

Ukitaka kuliona hili kwa macho yako kuna jaribio rahisi linalofanyika maabara nyingi, na halihitaji hata hadubini. Unachukua kisahani chenye aga, ile jeli ya kuoteshea vijidudu maabara, unachanganya na rangi ya nguo ya buluu inayoitwa Remazol Brilliant Blue, kisahani chote kinakuwa buluu iliyokolea. Unaweka katikati kipande kidogo cha nyuzi za oysta, unafunika, unasubiri. Baada ya siku kadhaa nyuzi zinaanza kutambaa kuelekea pembeni, na kuzunguka pale zilipo buluu inafifia, inabaki duara isiyo na rangi inayopanuka kila siku. Hakuna aliyeuambia uyoga uile rangi. Rangi hiyo ina miviringo ya kaboni inayofanana na ile ya lignini, kwa hiyo vimeng'enya vinaipiga tu kwa sababu iko njiani. Na hapo ndo watafiti walipoamka, maana ukiangalia vizuri kemikali nyingi mbaya tunazomwaga kwenye udongo zina miviringo ya namna hiyo hiyo: mabaki ya mafuta na lami, rangi za viwandani, baadhi ya viuatilifu. Kwa hiyo kwa miaka mingi uyoga wa oysta umejaribiwa kusafisha udongo na maji machafu, na maabara matokeo mara nyingi ni mazuri kwelikweli.

Shambani mambo ni magumu zaidi na nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakiuziwa matumaini. Udongo halisi umejaa bakteria na kuvu wengine wanaogombania nafasi, baridi inaingia, maji yanakauka, na uyoga wetu kwao ni kwenye mbao sio kwenye udongo, kwa hiyo lazima uupe mabua au vumbi la mbao la kuanzia, na hata hivo unaweza kushindwa. Alafu madini mazito kama kadmiamu, zebaki na risasi hayavunjwi na kimeng'enya chochote, ni atomu hizo, uyoga unachofanya ni kuyanyonya na kuyaweka kwenye kofia. Ndo maana mwanangu, uyoga uliootea kwenye udongo unaosafishwa, au kwenye mabaki ya kiwanda ambayo hujui yamepitia nini, usiule kabisa hata uwe umependeza vipi. Wewe ukitumia mabua safi au maranda ya mbao ambayo haijapakwa rangi wala dawa huna shida.

Sasa minyoo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kanada, Thorn na Barron wa Chuo Kikuu cha Guelph, walichapisha kwenye jarida la Science kwamba uyoga wa kundi hili unashambulia minyoo duara, zile nematodi ndogo zisizoonekana kwa urahisi ambazo zimejaa kwenye udongo na kwenye mbao zinazooza. Kuvu wanaotega minyoo walikuwa wanajulikana tayari, kuna wanaotumia vitanzi na kuna wanaotumia gundi, ila hawa wa oysta hawakuwa na kitanzi wala gundi. Mnyoo alikuwa anapita tu kwenye nyuzi, anagusa, ndani ya dakika chache anaganda. Baadae nyuzi zinageuza mwelekeo zinamfata pale alipolala, zinaingia kwa mdomo au tundu jingine la mwili, zinammeng'enya kuanzia ndani. Na mwili wa mnyoo umejaa protini, maana yake umejaa naitrojeni, kile kile ambacho gogo halina.

Kilichowaua hakikueleweka kwa muda mrefu. Mwaka 1992 kuna asidi moja ilitajwa kuwa ndo sumu yenyewe, lakini namna mnyoo anavyokufa haraka hivo ilibaki haina maelezo yanayotosheleza. Kazi kubwa imekuja kufanyika Taiwan, kwenye maabara ya mtafiti anaitwa Yen-Ping Hsueh pale taasisi ya utafiti ya Academia Sinica, na hapa ndo utaona kwa nini nasema uyoga huu ni hazina kwa sayansi. Wao walichukua uyoga wa oysta wakauweka pamoja na mnyoo anayeitwa Caenorhabditis elegans, mnyoo wa urefu wa milimita 1 hivi ambaye pengine ndo mnyama anayefahamika vizuri kuliko wote, ana neva 302 kamili na kila moja ina jina lake, na kuna mamia kwa maelfu ya aina zake zilizoharibiwa jeni moja moja ili ionekane jeni hiyo ilikuwa inafanya nini. Kwa hiyo ukiwa na sumu ambayo huijui, unawapitisha minyoo wa kila namna kwenye uyoga na kuangalia nani anabaki mzima. Waliobaki wazima walikuwa wale ambao vinywele vyao vya hisia, vinaitwa silia, havikuumbika vizuri. Yaani kifo kinaingilia kwenye pua, kwenye neva zile zile ambazo mnyoo anazitumia kunusa chakula. Hiyo ilitoka mwaka 2020.

Waliweka pia ndani ya minyoo protini inayong'aa pale kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli, na hapo ukiangalia kwenye hadubini unaona tukio zima. Mnyoo anakuja anatikisa kichwa huku na huku kama kawaida yake, pua inagusa, na mara misuli ya kichwa inawaka, kalsiamu imefurika, misuli imejikaza na hailegei tena, kisha hali hiyo inashuka mwilini mpaka mkiani na seli zinakufa moja baada ya nyingine. Wakajaribu na nematodi wa aina nyingine ambao ukoo wao uliachana zamani sana, nao wakafa kwa njia ile ile.

Mwaka 2023 maabara hiyo hiyo ikatoa jibu la pili kwenye jarida la Science Advances. Kwenye nyuzi za oysta kunaota vishina vifupi vyenye kitone cha mviringo juu yake, wanaviita toksosisti, ni dhaifu sana na ukivigusa vinapasuka. Ndani mna kemikali inayoitwa 3-oktanoni, ni ketoni nyepesi inayogeuka hewa haraka. Mnyoo akipasua kile kitone kwa pua yake anapata kipimo kikubwa mahali padogo sana, utando wa seli zake unavurugika, kalsiamu ya nje inamwagika ndani, inafika mpaka kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, na kutoka hapo kifo kinasambaa. Walithibitisha vizuri: walitengeneza oysta zilizopoteza uwezo wa kuota vile vitone, na minyoo ikapita juu yake salama kabisa bila kuganda. Mimi nilipoisoma hiyo nilifurahi kweli, kwa sababu swali lilikuwa limekaa tangu 1984 na jibu limekuja kutoka kwa kitu kinachoonekana, chenye umbo, ambacho ukikiondoa kifo nacho kinaondoka.

Nakujua sasa unawaza watoto. Vile vitone vinaota kwenye nyuzi za ndani ya mfuko, na wewe hupiki mfuko, unapika kofia. Na hiyo 3-oktanoni yenyewe sio mgeni kwa binadamu, imo kwenye lavenda na rozimari, inachangia ile harufu ya uyoga, na kwa vipimo vidogo inatumika kama kiungo cha harufu kwenye vyakula. Kinachomuua mnyoo ni kipimo kilichobanwa puani mwa mnyama wa milimita moja. Sahani yako haina hiyo hali hata kidogo.

Kuna kitu kingine ndani ya kofia ambacho nakitaja kwa sababu ndo sababu halisi ya kusema mpike. Ni protini inaitwa ostreolisini, ina ndugu zake wengine pia, na kazi yake ni kushika utando wa seli pale ambapo kolesteroli na mafuta mengine yanayoitwa sfingomielini yamekaa pamoja. Peke yake inashika tu, ikipata protini nyingine mwenzake wanaungana wanatoboa tundu. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza na Australia walionyesha umbo la tundu linalotobolewa na protini za namna hii kutoka uyoga wa oysta, ni pete yenye sehemu 13, na ilikuwa na faida kubwa kwa sababu kinga ya mwili wetu nayo inatumia protini za ukoo huo huo kutoboa seli zilizoambukizwa, kwa hiyo kwa kusoma tundu la uyoga walijifunza namna silaha ya binadamu inavyojikunjua. Watafiti wa Slovenia ndo wameishughulikia ostreolisini kwa miaka mingi kuliko wengi, wameiunganisha na protini inayong'aa ili uione inavyoshika kwenye seli hai, na kwa njia hiyo unaweza kuona kolesteroli imekaa wapi kwenye utando bila kuipasua seli. Pia wamegundua kwamba ndugu yake mmoja akipewa yule mwenzake anaua wadudu waharibifu kama mbawakawa wa viazi, maana utando wa wadudu una mafuta ya aina yake ambayo kwenye seli zetu ni kidogo mno. Panya wakidungwa ostreolisini kwenye mshipa wanakufa, hilo lipo, lakini sindano ya mshipani na chakula kilichoiva ni habari mbili tofauti. Ni protini, moto wa jikoni unaiharibu, na tumbo linamalizia. Kwa hiyo msile mbichi, msiweke mbichi kwenye saladi, pikeni mpaka ulainike na maji yake yatoke.

Na ukiwa porini usijiamini kwa sababu unaulima. Kuna uyoga mwingine unaota kwa ubavu kwenye miti ukifanana na huu, kwa mfano kule Japani kuna mmoja wa jamii ya Omphalotus ambao watu wanauchuma wakidhani ni wa kula na wanaishia kutapika vibaya, ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya sumu ya uyoga nchini humo. Kula unaoulima.

Sasa mzee na vidonge vyake. Najua habari hii ilikotoka na ina mzizi wa kweli kabisa, ndo maana ni hatari. Mwaka 1987 dawa ya lovastatini iliruhusiwa Marekani, ilikuwa ya kwanza ya kundi la statini, yaani vidonge vya kushusha kolesteroli, kufika madukani, na ilipatikana kwa kuvu wa ukungu anayeitwa Aspergillus terreus. Mwaka 1995 watafiti wakaripoti kwamba lovastatini imo pia kwenye kofia za uyoga wa oysta, hasa kwenye ile mikunjo ya chini. Panya waliolishwa uyoga huu maabara kolesteroli yao ilishuka. Mpaka hapo ni sawa. Lakini kiasi kilichomo kinabadilika sana kutoka mbegu moja hadi nyingine, kutoka chakula cha mfuko hadi kingine, hata kutoka sehemu moja ya kofia hadi nyingine, wakati kidonge kina miligramu zile zile leo na kesho na mwezi ujao. Majaribio ya watu yaliyofanyika ni machache na madogo, na mengine hayakuwa na kundi la kulinganisha. Na sehemu ya faida inawezekana haitokani na lovastatini hata kidogo, inatokana na nyuzinyuzi zinazoitwa betaglukani ambazo zinasaidia tumbo kutoa mafuta, kitu ambacho shayiri nayo inafanya.

Kwa hiyo mwambie hivi: ale uyoga, ni chakula kizuri, hauna kolesteroli, na ukichukua nafasi ya nyama yenye mafuta mara kadhaa kwa wiki hilo peke yake linamsaidia. Vidonge asiviache. Kolesteroli haiumi, haikohoi, mtu anaweza kuacha dawa akajisikia vizuri kabisa huku mishipa inaziba, na siku atakayojua itakuwa ni moyo au kiharusi. Akitaka kupunguza dozi aende na vipimo vya damu kwa daktari wake, aseme wazi kwamba amebadilisha chakula, daktari aangalie namba ndo aamue. Hilo nakuomba ulisimamie.

Ya kansa nitakuwa mfupi kwa sababu ukweli wake ni mfupi. Dondoo za uyoga wa oysta zinazuia seli za kansa kukua kwenye visahani vya maabara, na vitu vingi sana vinafanya hivo kwenye kisahani, hata chumvi ukizidisha. Kuna betaglukani za uyoga wa aina nyingine zilizofika hospitali, lentinani ya shiitake kwa mfano ilikubaliwa Japani miaka ya 1980, lakini inadungwa sindano, imesafishwa, na inatolewa pamoja na dawa za kansa sio badala yake. Betaglukani ya oysta yenyewe inaitwa plurani na majaribio yake kwa watu yamelenga zaidi mafua na maambukizi ya njia ya hewa. Mtu yeyote akikuuzia unga wa uyoga kama tiba ya kansa, ondoka.

Roboti ipo, Chuo Kikuu cha Cornell Marekani walitoa kazi hiyo 2024. Walitumia Pleurotus eryngii, ndugu wa huu wako mwenye shina nene, wakaotesha nyuzi zake kwenye kifaa, wakasoma umeme mdogo unaopita kwenye nyuzi, na kuubadilisha kuwa amri za kutembeza miguu au magurudumu. Wakizimulika nyuzi hizo kwa mwanga wa urujuanimno zinaitikia na mwendo wa roboti unabadilika. Uyoga haukuwa unafikiri unaenda wapi, ulikuwa unatumika kama kihisi kilicho hai, na matumaini yao ni vifaa vya shambani vinavyohisi hali ya udongo.

Lingine linalokugusa wewe mkulima kuliko hata roboti ni spora. Ile vumbi nyeupe inayotapakaa chumbani kofia zikifunguka sana ni mamilioni kwa mamilioni ya spora, na watu wanaofanya kazi humo muda mrefu wanaweza kupata kikohozi, homa na mapafu kuvimba kwa sababu ya mzio. Watafiti wamepata aina za Pleurotus zisizotoa spora, wamejua hata jeni zinazohusika na kugawanyika kwa seli wakati wa kutengeneza spora, na sasa kuna mbegu za namna hiyo zinazoendelezwa. Jenomu ya oysta, yaani jumla ya maandishi yake ya urithi, inafahamika, ina takriban herufi milioni 34 na zaidi ya jeni 12,000, na tangu 2021 watafiti wa Kyoto wameonyesha inaweza kuhaririwa kwa CRISPR, mbinu ya maabara ya kukata jeni kama kwa mkasi, wanaitumia kujua ni kimeng'enya kipi hasa kinachobeba kazi ya kuvunja lignini. Wewe kwa sasa vuna kofia zikiwa bado kingo zimekunjama kuelekea chini, usingoje zijikunjue juu, fungua hewa kabla ya kuingia, na vaa barakoa. Mtu mwenye pumu asilale chumba kinachopakana na mifuko.

Nimalizie na mabaki ya mifuko. Ndiyo, kuna utafiti mzuri hapo. Oysta zimejaribiwa dhidi ya minyoo fundo inayovimbisha mizizi na dhidi ya nematodi wa viazisukari, na kwenye vyungu idadi ya minyoo imeshuka vizuri. Bustanini matokeo yanayumba zaidi kwa sababu nyuzi zinakufa mapema zikikutana na bakteria wa udongo, kwa hiyo tumia mabaki yakiwa bado mabichi na meupe, yenye nyuzi hai, usiyaanike juani kwanza. Yavunjevunje, yachanganye na udongo wa juu wiki chache kabla ya kupanda, mwagilia yasikauke. Na fanya hivi kwenye nusu ya tuta tu, nusu nyingine iache kama ilivyo, alafu ukivuna ng'oa miche ya pande zote mbili uhesabu vifundo kwenye mizizi, maana bila hiyo nusu nyingine hutajua kama ni uyoga umefanya kazi au ni mvua.

Ila jihadhari na ile njaa niliyokuambia mwanzo. Mabaki ya mfuko bado yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo nyuzi na bakteria wakiendelea kuyala watachukua naitrojeni popote ilipo, na ilipo ni kwenye udongo wa mimea yako. Ukiona majani ya chini yanageuka manjano na mche hauongezeki, usidhani ni ugonjwa, ongeza samadi iliyooza vizuri, na msimu unaofuata changanya samadi hiyo na mabaki tangu siku ya kwanza.